Kaburi Fupi Kando ya Machimbo ya Mawe

Kilima chetu cha Lobule kilianza kuliwa kwa upande wa nyuma, tusikokuona. Siku tuliyoshtuka, nusu yake ilikuwa imeshasagwa kuwa kokoto, na malori yalikuwa yanaingia na kutoka bila hata kusalimia.

Kabla ya hapo watu walikuwa wamesema mengi. Wa kwanza walisema kampuni imekuja kuchimba makaa ya mawe, na mama mmoja anayechoma makaa ya miti akacheka mpaka akakaa chini, akauliza kama hao wageni kwao wameishiwa na miti. Wengine wakasema dhahabu, na vijana wakaanza kutembea wameinamisha vichwa. Mwisho ikawa mawe tu. Mawe yale yale tuliyojikwaa tangu utotoni, sasa yanakwenda kutandazwa kwenye barabara ya lami. Inauma, jamani, kugundua kwamba utajiri wa kwenu ndio ule uliokuwa ukiutukana kila ukijigonga kidole.

Mimi nilikuwa Arua, na bado niko, nashona nguo karibu na soko. Nashona sare za shule, magauni ya kipaimara, na magauni ya harusi ya watu ambao wangeniuliza ningewashauri wangoje kwanza. Siku moja baba mdogo, yaani mdogo wake baba yangu, akanipigia simu. Huyu mzee hapigi simu, huwa anabipu tu na kungoja. Siku hiyo alipiga kweli, akaongea mpaka mwisho, nikajua mambo yameharibika.

"Binti, njoo nyumbani," akasema. "Wanachora ardhi. Na mama yako amekuwa kichwa ngumu."

Kwamba mama yangu ana kichwa kigumu haikuwa habari. Habari ilikuwa kuchora. Nikafunga cherehani, nikamwambia bibi harusi mmoja asubiri kidogo na aitumie nafasi hiyo kufikiri, nikapanda gari la Koboko, nikarudi Lobule.

Mkutano ulikuwa kanisani. Ukutani, pale ambapo huwa kuna picha za njia ya msalaba, walikuwa wamebandika ramani kubwa yenye rangi. Mbele yake alisimama mpima ardhi aliyetumwa kutoka Kampala, mtu mnene, mpole, amevaa buti za mvua katikati ya kiangazi. Sisi tulimwita Injinia, kwa sababu kwetu mtu yeyote mwenye buti na karatasi ni injinia. Kiswahili chake kilikuwa cha kubahatisha. Kwao Kiswahili ni lugha ya askari na wezi. Kwetu ni lugha ya soko, na pia ya askari na wezi, lakini sisi hatukuona sababu ya kuinyima nafasi.

Alikuwa amerusha kindege kidogo cha kupiga picha juu ya nyumba zetu, kuku wakakimbilia chini ya maghala wakidhani ni mwewe. Kutokana na zile picha akatengeneza ramani yake. Kijani ni mazao, akatueleza. Kahawia ni nyumba za watu. Kijivu ni machimbo na ardhi iliyokufa, isiyoota kitu. Njano ni kichaka, yaani ardhi isiyotumika.

Balaa la kwanza lilikuwa nyua zetu. Kwetu mwanamke anafagia uwanja wa nyumba yake kila asubuhi mpaka udongo unang'aa. Jani moja likionekana hapo, mama mkwe anakohoa. Kindege hakikufundishwa adabu hiyo. Kiliona mahali peupe pasipo na unyasi, kikasema: kijivu, ardhi imekufa. Kwa hiyo wanawake wote safi wa kijiji walikuwa wamechorwa kama machimbo, na jirani yetu mmoja, ambaye magugu yake yanaanzia barabarani na kuingia naye ndani, alikuwa ametoka kahawia na kijani, maridadi kabisa. Tumemsengenya huyo mama miaka nenda miaka rudi. Alisimama mle kanisani akageuka kututazama mmoja baada ya mwingine. Sijawahi kuona mtu amefurahi vile bila kunywa kitu.

Balaa la pili lilikuwa la mama yangu peke yake. Shamba lake la juu, alilopewa alipoolewa na baba yangu, lile linalopakana na machimbo, lilikuwa limepakwa njano lote.

Lile shamba lilikuwa limelala. Zamani lilipandwa tumbaku, na tumbaku ni mgeni anayekula chakula, anakula na sufuria. Ilipomaliza, udongo ukabaki hauna hata nguvu ya kuotesha magugu ya maana. Mama akaliacha lipumzike. Kulaza shamba kwetu si kulisahau. Alikuwa analitembelea, anajua nyasi gani zikatwe na zipi ziachwe, mbuzi wa nani waingie na wa nani wafukuzwe kwa mawe. Kila mwaka alikuwa anachimbua konzi moja ya udongo, ananusa, anasema bado. Mwaka ule alikuwa amenusa akasema, karibu.

Mama akasimama. Yeye ni mfupi sana, lakini sauti alipewa ya mtu mwingine.

"Injinia," akasema kwa Kiswahili chake cha sokoni, "hii njano yangu iko nini?"

"Mama, hiyo haitumiki."

"Nani amekuambia?"

"Picha."

"Na picha iliuliza nani?"

Watu wakaanza kucheka. Injinia akajipangusa jasho. "Mama, iko kichaka tu. Hakuna mahindi, hakuna muhogo, hakuna nyumba."

"Iko inalala."

"Inalala?"

"Wewe usiku ukilala, mke wako anaandika kwamba hutumiki?"

Kanisa likapasuka. Katekista akageukia ukutani, mabega yanamcheza. Injinia naye akacheka, maskini, alikuwa mtu mzuri. Lakini kicheko hakibadili rangi. Alipomaliza kucheka akatueleza lililobaki: kampuni inahitaji mahali pa kumwaga udongo na vumbi la mawe, na itaanzia kwenye njano iliyo karibu. Mvua ya kwanza ikinyesha yeye atarudi, atapita kwa miguu, atatazama kila kiwanja kwa macho yake mwenyewe, na atakachokiona ndicho kitakachoandikwa. Baada ya hapo hakuna kurudi nyuma.

Basi, kijiji kizima kikaanza kutumika.

Mwenyekiti akapiga marufuku kufagia. Wake za watu wakaitikia kwa moyo mmoja, jambo ambalo halijawahi kumtokea huyo mwenyekiti tangu achaguliwe. Wanaume wakachomeka vijiti vya muhogo kila palipobaki wazi, vingine kichwa chini, hata katikati ya uwanja wa mpira. Mtu mmoja alisimamisha kibanda cha nyasi mchana mmoja pale kwenye mpaka wa machimbo, kisha akamleta shangazi yake kizee akae mlangoni aonekane kwamba anaishi. Shangazi alipewa kiti, chupa ya chai na amri ya kutosema kitu.

Mama yangu aliendelea kufagia. Na shamba hakuligusa.

Nikamsihi. "Mama, panda hata mistari miwili pale mbele. Ya kuonyesha tu."

"Nimwamshe mgonjwa apigwe picha?"

"Mama, watalichukua."

"Nikilipanda sasa, nitavuna muhogo mwembamba kama vidole. Na miaka yote niliyongoja itakuwa ya bure. Wewe ukitengeneza gauni unalivalisha mtu kabla hujaweka mikono?"

"Wengine huomba hivyo hivyo," nikamwambia, na ni kweli, lakini hakucheka.

Niseme ukweli, uvumilivu wangu ulikuwa mfupi. Nyuma ya nyumba yangu Arua nilikuwa nimemjengea mama chumba, chenye umeme na dirisha la vioo, na kila Krismasi anakuja, anakisifu, anarudi Lobule. Kaka zake, wajomba zangu wa Ombaci, nao walikuwa hawachoki kumwambia arudi kwao. Mwanamke akiachwa, walisema, kwao bado kupo, hata siku yake ya mwisho kuna nafasi kando ya mama yake. Yeye alikuwa akiwapikia, anawasikiliza, anawafungia na chakula cha njiani, na mwakani wanakuja kusema yale yale.

Jumapili moja tulitoka kanisani, mimi na mama, tukapita kwa njia ya juu ili alitazame shamba lake. Nikaona udongo mwekundu umeinuka katikati ya nyasi. Umezungushiwa mawe kutoka machimbo, na kichwani pamechomekwa msalaba wa mti wa mkaratusi ambao hata ganda haukutolewa. Pembeni ameketi baba mdogo, jasho linamtiririka, ananuka pombe ya kwete kwa umbali ambao nisingependa kuutaja kwa mtu wa ukoo.

"Nimewaokoa," akasema.

Nikamwuliza ni nini hicho.

"Kaburi. Kaburi hawaligusi. Hata huyo Injinia wako, anaogopa kaburi kama mtu yeyote. Akiona hii, haandiki kichaka tena."

"Yumo nani?"

Baba mdogo akalitazama jembe lake. "Kaka yangu," akasema.

Kaka yake ndiye baba yangu. Na baba yangu, kwa kadiri yeyote anavyojua, hajafa.

Nilipokuwa shule ya msingi alichukua baiskeli akavuka kwenda Kongo kununua mafuta ya mawese, kama alivyokuwa akifanya siku zote. Hakurudi. Hilo ndilo lote tunalolijua. Mengine ni ya kuambiwa, na tumeambiwa mengi, kwa sababu baba yangu ameonekana na watu wengi kuliko waliomjua. Ameonekana Sudani akiuza chumvi. Ameonekana akihubiri. Mfanyabiashara mmoja Mkongomani aliniapia dukani kwangu, "Ule mutu niko nilimuona Ariwara, iko na tumbo, iko na bibi ingine," nikamkatia kitambaa chake kimepinda kwa makusudi. Mimi nilishamzika mzee huyo moyoni mwangu zamani, kwa hasira, bila ibada. Lakini mama hajawahi kumwita marehemu. Hakunyoa nywele, hakukaa matanga, hakuwaita wajomba zake baba waje walalamike na kula, na kwetu mtu hafi mpaka wajomba zake wamekuja wakalalamika na kula. Ukimwuliza, alikuwa anajibu, "Hakuna aliyeniletea habari." Anasema hivyo halafu anauliza kama umekula.

Sasa alisimama mbele ya lile tuta, amevaa kitenge chake cha kanisani, Biblia mkononi. Alilizunguka lote. Kisha akamwambia baba mdogo, "Toa."

"Shemeji, sikiliza..."

"Toa huyo mtu wako hapa."

"Nikitoa patabaki shimo," baba mdogo akasema, na hapo, ajabu, alikuwa na hoja. "Shimo ni kijivu. Watasema machimbo yameshafika huku."

Nilimtukana baba mdogo siku hiyo matusi ambayo mtoto hapaswi kumtukana mzee wake, na sijutii hata moja. Akaniacha nimalize. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Binti, mimi ni ndugu yake. Unafikiri mimi simngoji?" Akachukua jembe lake akaenda zake.

Habari ikaenea kabla chakula hakijaiva. Wanawake wazee wakaja kumpa mama pole ambazo hazikujua zisimame wapi. Wakamwambia analolijua: kaburi tupu lina njaa. Ukishalifungua, ukalifunga bila kuweka mtu, linaanza kuuliza. Watu wakaacha kupita njia ya juu. Waliokuwa wanapeleka mbuzi wakazungukia mtoni, na yule shangazi wa kibandani akahamisha kiti chake akakaa kwa upande wa pili, asilione.

Mama hakula vizuri siku zile. Nilikuwa namtazama akimenya muhogo na kuusahau mkononi. Alikuwa amebanwa, na kila mtu kijijini alijua alivyobanwa. Akikubali kwamba kaburi ni la kweli, shamba linabaki, na mumewe amekufa, amemuua yeye kwa mdomo wake mbele ya watu. Akisema ni la uongo, mumewe anabaki hai huko aliko, na shamba linakwenda chini ya vumbi la mawe.

"Sema ni lake, Mama," nikamwambia. "Hata kama ni uongo. Yeye alisema anarudi, na huo ulikuwa ukweli?"

Alichukua ufagio akatoka uani, akafagia mahali alipokwisha kufagia.

Mvua ikanyesha, na Injinia akarudi, buti zake safari hii zina kazi. Alifuatana na mwenyekiti, na nyuma yao kijiji kizima, maana hakuna aliyetaka kukosa kuona mwenzake akiumbuka. Walianza kwenye muhogo wa uwanja wa mpira. Injinia akachomoa kijiti kimoja, akakitazama kilivyosimamishwa kichwa chini, akakirudisha kwa upole. Wakafika kwenye kibanda. Shangazi alikuwa amesinzia.

"Mama, unaishi hapa?"

"Mimi?" shangazi akashtuka. "Mimi natoka Manibe, nilikuja kusalimia tu."

Mwenye kibanda akainamisha kichwa, watu wakashikana mbavu. Injinia akatazama kibanda, akagonga nguzo, akabonyeza kwenye kibao chake cha kioo, kile cha kuchorea ramani. "Nyumba ni nyumba," akasema. "Mimi naandika ninachoona. Nani analala ndani, hiyo si kazi yangu."

Ndipo tukafika kwenye shamba la mama.

Baba mdogo alikuwa ameshafika. Alikuwa amevaa koti, joto lote lile, na alipotuona akavua kofia akaiweka kifuani. Kama si mimi kutaka kumnyonga, ningempa zawadi.

"Hapa iko kaka yangu," akasema.

Injinia naye akavua kofia yake. Akauliza, "Alikufa na nini?"

"Malaria."

"Lini?"

"Zamani sana."

Injinia akainama akagusa udongo. Ulikuwa mbichi, una alama za jembe, na juu yake kulikuwa na ganda la muhogo wa kuchoma ambalo mchimbaji alilisahau. "Zamani sana?"

"Tunalipalilia kila mwaka," baba mdogo akasema.

Hakuna aliyecheka. Injinia akamgeukia mama, akampa heshima zake zote, akauliza taratibu, "Mama, huyu hapa ni mume wako?"

Nilikuwa nyuma yake nikimnong'oneza, sema ndiyo, Mama, sema ndiyo tu twende nyumbani. Machimbo yalikuwa yananguruma kule chini. Wazee walikuwa wanatazama vidole vya miguu yao. Mama alilitazama lile tuta kwa muda mrefu, kutoka kwenye msalaba mpaka mwisho wake, macho yakipima kama ninavyopima mimi mtu akiingia dukani.

"Shemeji," akasema, "kaka yako alikuwa mtu wa urefu gani?"

Baba mdogo akaizungusha kofia mikononi.

"Kitandani miguu yake ilitoka nje. Mlangoni aliinama. Humu mlimzikaje? Mlimkunja?"

Hapo watu wakacheka, wakashindwa kujizuia, hata Injinia. Baba mdogo akajitetea kwamba jua lilikuwa kali. Na ni kweli kaburi lilikuwa fupi, aibu tupu, kaburi la mtu aliyechimba huku akiwaza kwete.

Mama akanipa mwavuli wake. Akavua ndara zake akaziweka pamoja. Kisha akalala chini, pale pale kwenye majani mabichi, kando ya lile tuta, na kitenge chake kizuri, mikono juu ya kifua. Kichwa kilifika kwenye msalaba, nyayo zikafika kwenye jiwe la mwisho. Kicheko kikakatika. Bibi mmoja akaziba mdomo kwa mikono yote miwili.

"Andika," mama akasema akitazama juu. "Hii iko yangu."

"Mama, toka hapo," nikasema.

"Shemeji, inuka!" baba mdogo akalia. Alikuwa anaogopa kweli sasa, kofia imemwanguka. "Inuka, nitalifukua mimi mwenyewe, wacha shamba liende!"

Injinia alikuwa amechanganyikiwa. "Mama, wewe uko mzima. Siwezi kuandika kaburi haina mutu."

"Ile nyumba ya nyasi, umeandika?"

"Nimeandika."

"Iko na mutu ndani?"

Injinia akageuka kukitazama kibanda.

"Basi hii nayo ni nyumba," mama akasema. "Mwenyewe bado anakuja."

Nataka mtu asiye wa kwetu aelewe ni nini kilichotokea pale, maana Injinia hakuelewa. Kwetu mtu akitamka mbele ya ukoo mahali atakapozikwa, imekwisha. Hakuna wa kumhamisha. Si wajomba wa Ombaci, waje na uzee wao na madai yao yote, si mtoto wa Arua mwenye chumba cha umeme. Na mke hachagui kuzikwa kwenye shamba la mume ila awe bado ni mke. Hakusema mumewe amekufa. Hakusema uongo hata neno moja. Alichukua uongo wa mtu mvivu akaingia ndani yake mzima mzima mpaka ukawa kweli, na kaburi lililokuwa linauliza likapata jibu lake.

Mwenyekiti, ambaye siku zote namwona ni mtu wa kusindikiza tu, alikohoa akamwambia Injinia, "Mwandikie. Mbele ya mimi amesema. Hapa hawamwagi vumbi."

Injinia akabonyeza kioo chake. Akasema mstari wa machimbo utapinda, utapita chini, utaliacha shamba lote pamoja na njia ya kufikia. Kisha akamsaidia mama kuinuka, akampangusa majani mgongoni kana kwamba ni mama yake, na akaondoka bila kumalizia viwanja vilivyobaki. Kijiji kikamfuata. Hata wenye muhogo wa kichwa chini hawakukumbuka kubishana.

Tukabaki wawili. Nilikuwa na hasira, na hasira yangu ilikuwa na machozi ndani yake, nikavitoa vyote pamoja. Nikamwambia amejifunga hapa maisha yake yote na yasiyo maisha. Nikamwambia amejichumbia udongo kwa ajili ya mtu ambaye pengine wakati huu yuko Ariwara anakula samaki na watoto wengine. Nikamwambia miaka yote hii amelala kama hili shamba, anangoja, na hakuna anayempanda wala kumvuna. Maneno mabaya. Yalinitoka.

Mama alivaa ndara zake kwanza. Akachukua konzi ya udongo kutoka upande wa pili wa tuta, akanusa, akautupa.

"Unafikiri sijui anakula samaki na nani?" akasema.

Nikaukunja mwavuli wake.

"Na akirudi, Mama?" nikauliza baadaye. "Akirudi akiwa mzee, mgonjwa, wewe huna habari tena, uko humo. Itakuwa nini?"

"Akirudi atauliza," akasema. "Mtu akirudi, neno la kwanza ni kuuliza mke wake yuko wapi. Nilikuwa naogopa siku hiyo watamjibu sijui Arua, sijui Ombaci, na yeye ni mtu wa kukata tamaa upesi. Sasa watanyoosha kidole tu."